Ukuta Ulioitikia Hodi

Jumatatu asubuhi Bwana Gozbert alisimama kilimani Goba, pembezoni mwa jiji, simu mkononi, akimwonyesha mbunifu wake Apolonia picha za nyumba za mapumziko: kuta za udongo zilizokandikwa kwa mkono, boriti za mikoko zisizofichwa, paa la makuti. "Nataka uasilia," alisema. "Mtu atoke Mikocheni na presha zake, akifika hapa ajisikie yuko kwa bibi yake."

Bibi mwenyewe walishamtoa. Bi Chausiku aliishi kwenye kiwanja hicho tangu Goba ikiwa mikorosho mitupu, katika nyumba ya miti na udongo aliyoikandika marehemu mumewe, Mzee Salumu. Mpwa wake alikiuza kiwanja bila kumwambia, na Bwana Gozbert akaleta tingatinga, maana nyumba ile iliharibu sura ya mtaa. Bibi akahamia chumba cha kupanga Mabibo, na godoro lake na hasira zake.

Apolonia aligundua kwamba hakuna udongo mzuri kama wa kifusi kilekile cha nyumba ya bibi. Mafundi wakaurowesha, wakaukanyaga, wakaukandika upya kwenye fito. Mlango ukachongwa kwa mninga. Vikatundikwa vibatari vinavyowaka kwa umeme. Kazi ilipendeza, tusiseme uongo.

Siku ya ufunguzi mgeni wa kwanza, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, akapiga hodi. Ukuta ukaitikia kwa sauti ya Mzee Salumu, na kikohozi chake: "Karibu, ila mwenyewe katoka. Kaa hapo barazani umsubiri."

Mlango ukagoma kufunguka.

"Mwenyewe ni mimi," alisema Bwana Gozbert.

"Wewe nani?"

"Gozbert."

"Sikujui, baba. Keti."

Akaketi. Apolonia akashauri wapake chokaa. Wakapaka, na sauti ikazidi kukauka tu. Mwishowe fundi Mashaka, mzaliwa wa hapohapo Goba, akasema kile ambacho kila mtu alikuwa anakijua: "Bosi, kamleteni Bi Chausiku, tusichoshane."

Akaletwa kwa gari la kiyoyozi. Hakupiga hodi. Alipitisha kiganja ukutani, akalia, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Umekonda, mke wangu," ukuta ukasema.

"Nitaachaje kukonda? Choo kimoja, wapangaji nyumba nzima."

Mlango ukafunguka. Wageni wakapiga makofi, kisha picha.

Bwana Gozbert si mtu wa kuacha fursa ipite. Kesho yake Bi Chausiku alipewa kazi: aje asubuhi afungue, akae barazani asuke ukili, wageni wamwamkie. Shikamoo ikaingizwa kwenye ratiba, baada ya yoga. Jioni arudi kwake. Kila jioni ukuta ulimwuliza anakwenda wapi, na kwa kuwa aliona uchungu kuuambia kwamba haruhusiwi kulala hapo, alijibu anakwenda msibani. Ukuta ukawa unampa pole. Jamani, ndoa hizo za zamani!

Masika yalipoingia, chumba cha Mabibo kikajaa maji hadi godoro likaelea. Bi Chausiku akamfuata Bwana Gozbert ofisini, nguo zikimchuruzika.

"Mwanangu, nistiri. Nipe hata kile chumba cha nyuma, nilale tu. Mie sina makuu, na pale ndipo nilipozalia wanangu."

Bwana Gozbert aliingiwa na huruma, huruma ya kweli, hata akainuka kitini na kumshika mikono yote miwili.

"Bibi, hapana. Mtu wa umri wako, mvua zote hizi, ulale kwenye nyumba ya udongo? Ikikuangukia nitawaambia nini watu?"

Akampa mwavuli wenye nembo ya nyumba. Akamsihi kesho awahi kufungua, kwani kuna wageni wanakuja maalumu kulala wakisikiliza mvua.