Supu ya Dirishani

Jumatatu asubuhi mtaalamu aliyeajiriwa na bosi kuweka mashine ya oda alibandika karatasi kwenye mlango wa jiko la mkahawa. Mhudumu wanayemwita Redio, kwa kuwa akifunguka hazimiki, aliisoma mara mbili. Chakula chochote kitakachoshindwa kufikisha oda mia moja kabla ya Jumamosi saa sita mchana kitaondolewa kwenye menyu mpya. Karatasi haikusema kwamba anayekipika anaondoka nacho. Haikuwa na haja. Ilipoondolewa chai ya birika kubwa, mpishi wa chai aliambiwa apumzike kidogo, na huu ni mwaka wa sita anapumzika. Ilipoletwa mashine ya kuosha vyombo, dada wawili waliambiwa wataitwa. Mkahawa umeshasahau majina yao. Redio anakumbuka mpaka viatu walivyovaa siku ile.

Safari hii zamu ilikuwa ya shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Ni miaka kumi na tisa anapika supu ya dengu kwenye jiko la pembeni, na kazi nyingine hana.

"Supu ina oda nne," alisema mtaalamu, kijana mpole, kidole hakibanduki kwenye tabuleti. "Wiki nzima iliyopita, dada. Nne."

"Sufuria linakwisha kila siku! Njoo uchungulie mwenyewe."

"Data ndiyo inayosema, si mimi."

"Na hiyo supu umeiweka wapi? Ukurasa wa mwisho, chini ya maji ya chupa, bila picha!"

"Nilijaribu kuipiga picha," alisema kwa huzuni ya kweli. "Ni kahawia tupu. Haivutii."

Bosi alikuwa anapita na kikombe chake cha kahawa. "Mashine haina shangazi, Redio. Haimpendelei mtu."

Ukweli ni kwamba supu ile haikuuzwa ukumbini. Iliuzwa kwenye dirisha dogo la jiko, upande wa uwanja wa malori. Wachukuzi hufika na vikombe vyao vya bati, husema "Shangazi, moja," huangusha sarafu kwenye kopo, hunywa wamesimama. Kila jioni bosi hulimimina kopo lile mfukoni wala haulizi limejazwa na nini. Lakini mashine haikulijua dirisha, na wasiojulikana na mashine walihesabiwa kuwa hawapo.

Jumanne Redio alibeba tabuleti ya wahudumu akaenda kusimama dirishani.

"Shangazi, moja," alisema mchukuzi wa kwanza, pandikizi la mtu.

"Ngoja kidogo, kaka. Jina lako?"

"Jina la nini tena? Nimeiba?"

"Mashine inataka."

"Andika Mfalme."

"Namba ya simu?"

"Mfalme hapigiwi simu, mama. Anatumiwa wajumbe."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Redio hakucheka. Bila namba mashine ilikataa kusonga, akaweka yake. Ikauliza: kubwa au ndogo? Pilipili kiasi gani? Ungependa kuongeza keki? Oda moja ikala dakika nzima, na msimamizi wa malori keshapuliza filimbi. Wa nyuma wakaanza kuondoka na vikombe vitupu.

"Unanifukuzia watu," shangazi alinong'ona.

"Nakuhesabia watu, shangazi."

"Mimi huwahesabu kwa sura."

Jumanne zikaingia kumi na tisa. Jumatano ishirini na mbili. Alhamisi mtandao ulikatika, zikaingia kumi na moja. Ijumaa ishirini na nane. Jumamosi saa nne zilikuwa tisini na moja, na uwanja mtupu: malori mengine yamechelewa. Saa tano mtupu. Shangazi alikuwa anakoroga supu isiyohitaji kukorogwa. Saa sita kasoro robo likaguna lori, na Mfalme akaja mbio akiwaita wenzake. Oda ya mia iliingia zikiwa zimebaki dakika mbili, nayo imeandikwa jina la Sijui Bwana.

Jumatatu mtaalamu alikuja anang'aa. Supu ilikuwa ukurasa wa kwanza, kwenye bakuli jeupe, majani matatu ya kijani juu yake, na alama ya moto: Inayopendwa Zaidi. Bei mara tatu.

"Kikipendwa kinapanda," alieleza. "Ndiyo kazi ya menyu."

Bosi naye alikuwa ameshapigilia ubao kwenye dirisha. "Wateja wote mlango mmoja. Na hesabu inaanza upya: mia moja."

Hadi saa sita ukumbi ulikuwa umeagiza mabakuli mawili, na moja lilirudishwa kwa kuwa halikufanana na picha. Sufuria lilijaa mpaka ukingoni. Nje, vikombe vya bati vilikuwa vinagonga ubao.

Redio alizunguka nyuma. "Mlango sasa ni wa mbele. Piteni."

"Na vumbi hili?" aliuliza Mfalme.

"Mashine haioni vumbi."

Waliingia zaidi ya ishirini, wakaketi kwenye meza za karibu na kioo. Wakachangiana, bakuli moja kwa watu wanne, wakanywa polepole. Wateja wa kuku walifika mlangoni, wakakosa viti, wakageuka.

Bosi akatoka ofisini. "Nani kawaruhusu hawa?"

"Wewe." Sauti ya Redio ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Ulisema mlango mmoja."

"Watoe!"

"Wamelipa, bosi. Wamo kwenye data."

"Taratibu, mzee," Mfalme aliinua kijiko. "Supu ni ya moto."

Watu wengine watatu waligeuka mlangoni. Bosi akawatazama hadi walipopotelea barabarani. "Ng'oeni ule ubao," alisema.

"Na bei?" Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Redio hakuwahi kumwona akikanyaga ukumbini.

"Ya zamani. Dirishani tu." Akamgeukia mtaalamu. "Watengenezee kitufe kimoja, bila majina. Dirisha lihesabiwe." Kisha akamsogelea Redio, akasema kwa upole, kama ule aliomwambia mpishi wa chai apumzike, na upole huo ndio uliomtia baridi: "Wewe uje ofisini saa kumi."

Saa saba na robo dirisha lilikuwa wazi. Redio alibonyeza, shangazi akachota. Akabonyeza, akachota.

"Amekuitia nini?" shangazi aliuliza bila kugeuka.

"Sijui," alisema Redio. Akabonyeza. "Anayefuata!"