Mahali Boti Inapolala

Mwanga wa asubuhi ulitanda juu ya maji ya bwawa la Masinga kama utando juu ya uji uliopoa. Hakuna upepo wa kuutikisa. Kavata akauangalia, akauona, basi.

Ulikuwa ule mwaka wa elfu mbili, mwaka wa kiangazi, Nairobi ikigawiwa stima kwa zamu kwa sababu Mto Tana umekonda. Pale kwa Kavata maji yalirudi nyuma, yakarudi tena, yakaacha tope lililopasuka kama kisigino cha mwanamke wa shamba. Boti ya marehemu mumewe, Wathome, ikakosa pa kufungwa. Ukoo ukakaa, ukasema: ipelekwe juu, upande wa Ndithini, kwa mke mdogo, Syombua. Huko bado kuna kina.

Kavata akasema neno moja tu: nitaipeleka mwenyewe.

Maana miaka yote boti ndiyo ilikuwa habari. Ikilala kwa Kavata, mume yuko kwa Kavata. Isipoonekana asubuhi, mume yuko kwa yule mwingine, na Kavata anakoroga uji bila kuuliza. Sasa kamba ikishikwa na Syombua, yeye Kavata atabaki mke wa nini?

Swali hilo lilipaswa kumchoma. Halikumchoma. Tangu mazishi walikuwa wakimpa chai, anakunywa, hajui kama ina sukari. Machozi aliyangoja kama mtu anavyongoja mvua ya Kitui, isiyofika.

Boti ikaenda, naye akaenda.

Ndunda, mdogo wa marehemu, aliendesha pole pole, injini ikinguruma chini kwa chini, maana visiki vya miti ya zamani vilikuwa vimechomoza. Kiboko akatoa masikio, akayarudisha. Ng'ombe walisimama topeni wakinywa, mbavu zao zikihesabika.

"Shemeji, umekaa kama gunia la mahindi."

"Gunia halisumbui dereva."

"Hata gunia likiguswa hutoa vumbi."

"Endesha, Ndunda."

Boti ikaenda, naye akaenda. Milima ikasogea, ikapita, kama wageni wasiosalimia. Kavata akatia kidole majini, akakitoa. Kilikuwa kimelowa. Ni hayo tu.

Jua likiwa utosini, wakafika. Syombua alikuwa amesimama ukingoni, leso kiunoni, macho makavu kama ya Kavata.

"Karibu, Mwaitu," akasema, kwa heshima anayopewa mama.

Kavata akasimama, kamba mkononi, akatafuta mti. Kule kwake mgunga ulikuwa na pete shinani, kamba imeula mpaka ndani. Huku hakukuwa na mti wenye alama, hata kigingi.

"Alikuwa anafunga wapi?"

"Hapa? Hakufunga hata siku moja. Anateremsha unga, anaona watoto, injini bado inalia, anageuka. Alisema usiku ni wako."

"Mimi aliniambia ni wako."

Wote wawili wakamgeukia Ndunda. Ndunda akainamia injini kama mtu aliyeiona inavuja.

"Alikuwa analala kwa maji," akasema mwishowe. "Kule katikati. Alisema huko ndiko hakuna mtu wa kumuuliza kitu."

Mbuzi akalia mahali.

"Kumbe nilikuwa nakuchukia bure," akasema Syombua.

"Hata mimi. Na nilikuwa naifanya kazi hiyo vizuri sana."

Syombua akacheka kidogo, pumzi ikamkatika. Kavata hakucheka. Akashuka topeni, viatu mkononi.

"Leta jembe."

Wakachimba juu kidogo, pakavu, kwa zamu, mke mkubwa, mke mdogo, ardhi ikigoma, vumbi likipanda mpaka kwa nyusi. Wakasimamisha nguzo, wakaishindilia mawe. Syombua akaishika isilale. Kavata akazungusha kamba, akakaza fundo, akampa mwenzake ncha.

"Iko na nyumba sasa," akasema Ndunda.

Wake wawili wakapangusa mikono.

Upepo mdogo ukaja kutoka bonde la juu, na mwanga ukavunjika vipande vipande, ukakimbia juu ya maji mpaka kule katikati, mahali papana, pazuri, pasipo na alama ya mtu aliyewahi kulala. Kavata akapaangalia. Akaangalia tena. Kitu kikamchoma chini ya titi, kidogo, kama mwiba uliovunjikia ndani, akakitambua kabla hakijapita: wivu, tena wa maji. Akaushikilia hapo hapo, kwa mikono yote miwili.