Gauni la Mbayuwayu

Jumamosi asubuhi Adoch alipanda boda mpaka Kyebando kutafuta gauni la kunyonyeshea. Ilikuwa Januari, jua la Kampala limekaza kama lina ugomvi na mtu, na Lakica, bintiye wa miezi minne, alikuwa amelala kifuani mwake ametota jasho. Maduka ya mjini alikwishayapita. Huko walimwonyesha magauni mapana ya kijivu, ya kitambaa kinachonata mwilini, na muuzaji mmoja akamwambia kwamba nguo za akina mama ndivyo zilivyo. Adoch alimshukuru akatoka. Kuzaa alizaa, lakini urembo hakuuacha leba.

Shida yake ilikuwa kazini. Alikuwa mtu wa redio katika kampuni moja ya ulinzi huko mlimani Naguru, kazi ya kuwaita walinzi getini kwao kutwa nzima kwa Kiswahili, lugha aliyokua nayo katika kambi ya askari polisi. Kila mchana wifi yake Ayot alimletea mtoto anyonye. Sasa mkuu wa ofisi, Afande Obura, kapteni mstaafu mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, alikuwa amepiga marufuku kile alichokiita mambo ya kifua mbele ya watu. Kwa hiyo Adoch alinyonyeshea chooni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, blauzi yenye vifungo vya mgongoni ameivuta hadi shingoni, jasho lake likimdondokea mtoto machoni. Wiki ile Lakica alianza kugoma. Alikamata ziwa, akaliachia, akageuza uso na kulia. Adoch akajiambia kwamba kama na nguo nayo haitasaidia, basi atamwachisha. Alilisema neno hilo mbele ya kioo, akalia, kisha akanawa uso akaenda kazini.

Chumba ofisini kilikuwepo, tusidanganyane. Mlangoni pameandikwa kwa rangi ya waridi: Chumba cha Mama na Mtoto. Kilizinduliwa kwa utepe, soda na maandazi, wageni wakapiga picha wakatabasamu. Wageni walipoondoka, Afande aliingiza humo magunia ya chakula cha kuku wake wa mayai, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Watu wote waliona. Hakuna aliyefungua mdomo, maana kazi Kampala haziokotwi.

Fundi aliyempokea Kyebando aliitwa Marlène, mama wa Kikongomani kutoka Butembo, mnene, mpole, na futi ya kupimia shingoni. Hakumpima Adoch palepale. Alimsogezea kiti.

"Nguo ya kunyonyesha haipimwi mama akisimama kama askari," alisema. "Kaa. Nyonyesha. Mimi nitaangalia."

Adoch, binti wa askari, akacheka, akakaa. Marlène akatazama mkono gani unaomshika mtoto, na ni upande gani wa nguo unaovutwa kwanza. Akampima kabla Lakica hajashiba, akampima tena baada ya kushiba, na kati ya vipimo hivyo viwili ndimo alimokata nguo zake zote. Alimshauri achukue pamba tupu, kwa sababu ya joto. Achukue kitambaa chenye maua au picha, ili maziwa yakivuja yasionekane. Mikono iwe mifupi na mipana, kiuno kiwepo lakini kisibane, na zipu mbili zifichwe chini ya kifua, kulia na kushoto, zifunguke kwa kidole kimoja.

Macho ya Adoch yakatua kwenye kikwembe, yaani kitenge, cha bluu chenye mbayuwayu wa manjano. Alikipenda mpaka moyo ukamdunda. Marlène akasita.

"Hii kikwembe iko mzuri," alisema. "Lakini zipu zikikuwa pale unataka, lazima nigeuze kipande ya kifua. Ndege wataangalia zipu."

"Kuna ubaya gani, mama?"

"Wataruka. Kwetu fundi hakati ndege akiangalia mlango. Hiyo ni kosa ya mwanafunzi."

"Wakiruka wanarudi?"

"Ukifunga, wanarudi. Wengine wanachelewa kidogo."

Adoch akakipapasa kitambaa kile. Kilikuwa chepesi, kina ubaridi wa asubuhi. Akakiweka shavuni mwa Lakica, naye Lakica akatabasamu usingizini.

"Kata tu," akasema.

Jumatatu alikwenda kazini amevaa gauni lake. Lilimkaa. Lilishuka mpaka chini ya magoti, likazunguka akigeuka, na mlinzi wa getini, Olal, mtu asiye na maneno mengi, alimpigia saluti bila kujua kwa nini. Husnah, mwenzake wa meza ya pili ya redio, alimzunguka mara mbili akasema kwamba hata yeye, ingawa wa kwake ameshaanza kutembea, analitaka.

Mchana Ayot akaleta mtoto. Adoch hakuinuka kwenda chooni. Alisogeza kiti chake dirishani, akamlaza Lakica mkononi, akafungua zipu ya kushoto kwa kidole kimoja. Mbayuwayu wa kifuani wakatoka kwanza, kisha wa kiunoni, kisha wa kwenye pindo, wakazunguka dari ya chumba cha redio. Gauni likabaki bluu tupu, nalo lilimpendeza vilevile. Upepo wa mabawa ulikuwa mzuri sana kwa siku ile ya joto. Husnah akafunika kikombe chake cha chai kwa kisahani, akaendelea na kazi.

Lakica alinyonya ziwa la kushoto mpaka mwisho, akahamia la kulia, akanyonya mpaka vidole vya miguu vikalegea. Adoch alijisikia raha ambayo hakuwa ameionja tangu arudi kazini. Redioni Olal aliita kutoka getini, naye akamjibu kwa sauti yake ile ile ya kila siku, mtoto akiwa kifuani.

Ndege walipochoka kuzunguka walitoka nje hadi ukumbini. Walikwenda moja kwa moja kwenye mlango wenye maandishi ya waridi. Wengine walitua juu ya fremu, wengine kwenye kitasa, wote wameuelekea mlango, kimya, kama watu wanaongoja daktari.

Afande Obura akatoka ofisini kwake. Akawatazama ndege, kisha kupitia mlango wa redio uliokuwa wazi akamtazama Adoch. Hakuona kifua cha mtu. Aliona gauni la bluu na kisogo cha mtoto.

"Wamesikia harufu ya pumba," alisema.

"Afande, ndege wa kitambaa hawali," akasema Husnah.

"Basi wanapumzika. Wewe Adoch, nilisemaje juu ya mambo haya?"

Hapa ndipo kazi yake na maziwa ya mwanawe vilipogongana, na Adoch alijua. Akapiga moyo konde.

"Nitahama, Afande," alisema. "Nionyeshe tu pa kuhamia. Ila chooni sirudi na mtoto."

Mbayuwayu mmoja akajikuna chini ya bawa. Afande akagusa mfuko wenye ufunguo, akautazama mlango kwa muda, akakohoa.

"Kaa hapo hapo," alisema, akarudi ndani.

Adoch akakaa hapo hapo, siku ile na zilizofuata. Lakica akanenepa mikono ikaweka mikunjo. Habari zikafika chini ya mlima kwenye kambi ya polisi, na wake wa askari wakaanza kupanda boda kwenda Kyebando. Marlène aliwaeleza kila mmoja kwamba lile lilikuwa kosa na anaweza kulirekebisha. Wote walitaka kosa. Teresa wa uhasibu, aliyejifungua mwezi uliotangulia, alichagua vipepeo, na siku alipozifungua zipu zake vipepeo nao walikwenda kutua kwenye mlango ule ule.

Rangi ya mlango ikaanza kukwaruzwa na kucha. Afande hakupendezwa, maana alikuwa mtu anayependa ofisi nadhifu. Akaita seremala. Seremala akapigilia ubao mrefu juu ya mlango, wa mvule, uliopigwa msasa mpaka ukawa laini ndege wasiumie miguu. Alipomaliza aliuliza kama na kitasa nacho akikaze, kwa sababu kimelegea. Afande akasema kitasa kiachwe.

Mchana Adoch akafungua zipu. Mbayuwayu wakaujaribu ubao, wakaupenda, wakajipanga.

"Umeona?" Afande alimwambia, amefurahi kwelikweli. "Kila mmoja sasa ana pahali pake."

Akafungua mlango. Ndege wakajisogeza kidogo kwa adabu. Akaburuta ndani gunia jipya, akafunga, akaenda kula. Lakica akacheua, akalala. Adoch akampangusa mdomo, akamhamishia begani, na akajibu redio.