Gramu Kumi na Moja

Vita vilipokwisha, serikali mpya ilifungua ofisi zake kwa mpangilio ambao sikuuelewa: kwanza posta, ambayo haikuwa na barua, kisha mahakama, ambayo haikuwa na paa, na ya tatu Ofisi ya Vipimo, ambayo ilikuwa na mimi peke yangu. Nilipewa meza, nyundo ndogo, mihuri miwili ya chuma, wa kukubali na wa kukataa, na siku sita. Soko kuu lilipaswa kufunguliwa Jumamosi, na amri ilikuwa fupi: hakuna jiwe la mizani litakalotumika bila chapa yangu.

Amri ilikuwa na sababu. Kwa miaka saba watu walipimiana kwa kopo. Kopo la mtaa wa juu lilikuwa na tumbo, la mtaa wa chini lilikuwa limebonyea, na watu wazima walikwishang'oana meno kwa tofauti hiyo.

Cha kulinganishia nilikuwa nacho, kwa sababu ya mjomba wangu. Alikuwa mtunza vipimo wa ofisi ile tangu sijazaliwa. Mji ulipoanza kuungua, majirani walikimbia na magodoro na redio. Yeye alikimbia na Kilo Mama, lile jiwe la shaba ambalo mawe yote ya mji yalilinganishwa nalo. Alikaa nalo ugenini miaka yote saba, ndani ya soksi ya sufu. Serikali ilikuwa imeshamwandikia barua kwamba siku ya ufunguzi atavishwa nishani mbele ya soko zima.

Jumatatu nikatega mizani chini ya turubai. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa muuza nyama, na jiwe lake la kilo alilolifukia nyuma ya nyumba tangu vita vianze. Nikaweka Kilo Mama upande mmoja na jiwe lake upande wa pili. Upande wake ukashuka.

"Limezidi," nikamwambia. "Gramu kumi na moja."

"Limezidi?"

"Ndiyo. Unampa mteja nyama nyingi kuliko anayostahili."

Akaigeukia foleni, mikono juu. "Jamani, mmesikia? Miaka ishirini mnaniita mwizi. Leo serikali imenisafisha!"

"Ile mifupa je?" akauliza mama muuza maharage, aliyesimama nyuma yake. "Nayo serikali imeisafisha?"

Watu wakacheka. Mimi nikamwita fundi wa tupa. "Lipunguzwe. Lizidi, lipungue, sheria ni moja."

"Sawa, dada, lakini usimwambie mke wangu. Akijua nilikuwa najipunja mwenyewe, atanifukuza."

Jiwe la mama muuza maharage lilizidi kwa gramu kumi. La muuza misumari, kumi na moja. La muuza sabuni, kumi na moja. Tupa iliendelea kulia. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimepima mawe kumi na manne na kuandika neno "limezidi" mara kumi na nne, na hapo ndipo nikasimamisha kazi. Wafanyabiashara wale walikuwa hawajawahi kukubaliana hata nani afagie njia ya katikati. Sasa nilitakiwa kuamini kwamba wote walikuwa wanajipunja, tena kwa kiasi kilekile, na mawe yenye kutu, wakati kutu hupunguza jiwe. Lilibaki jibu moja tu. Mawe sita yalikuwa yameshapigwa tupa.

Nilimkuta mjomba chumbani kwake akipiga pasi koti la kuazima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Foleni inakwendaje?"

"Kilo Mama uliitunza vipi kule?"

"Kwa heshima zote."

"Heshima naijua. Niambie ulichokuwa unafanya."

"Kila Ijumaa nilikuwa naisugua," akasema, bado anapiga pasi. "Majivu, maji kidogo, kipande cha gunia. Shaba ukiiacha inaota ukijani, mpwa wangu, na kule dawa ya kung'arishia ungeipata wapi? Watu walisema nimerukwa na akili. Lakini iling'aa! Ungeweza kuhesabu meno yako."

Pasi ikasimama. Yeye ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi, kwamba jiwe la ofisi halishikwi hata kwa mkono mtupu.

"Ijumaa mia tatu na sitini na nne," akasema polepole. "Imepungua kiasi gani?"

"Kumi na moja."

Akafumba macho akapiga hesabu. "Kama punje moja na nusu ya mchele kila Ijumaa. Mtu angeionaje?" Akaiondoa pasi kwenye koti kabla halijaungua. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi. Muuza nyama yeye anajua tu kwamba ni malaika."

"Basi ukinyamaza, kilo ya mji huu itakuwa gramu mia tisa themanini na tisa. Hakuna atakayekufa."

"Na gunia la kwanza litakalotoka mji mwingine? Litapimwa huko kwa kilo yao na hapa kwa yetu. Tutarudi kwenye makopo, tofauti ni kwamba safari hii makopo yatakuwa na muhuri wa serikali."

"Na nishani?"

Mjomba akakaa kitandani. Kisha akaanza kulikunja koti.

"Huwezi kuyashtaki mawe kumi na manne kwa shahidi mmoja mgonjwa," akasema. "Tafuta chupa ya lita moja ya maabara, ile yenye mstari shingoni. Na maji ya zahanati, yale yaliyosafishwa. Tutapima sokoni, mbele ya watu."

Chupa ilipatikana shule ya sekondari, kabatini, nzima. Jumanne asubuhi kulikuwa na joto la digrii ishirini. Katika joto hilo lita ya maji hupungua gramu tatu kufika kilo. Mjomba akaiweka chupa tupu mizanini, akaisawazisha kwa mchanga, akaijaza maji mpaka kwenye mstari, akaongeza zile gramu tatu. Upande wa pili nikaweka jiwe la muuza misumari, ambalo tupa haikuligusa. Mshale ukatulia katikati. Nikaliondoa, nikaweka Kilo Mama. Ikapanda juu.

Mjomba akaichukua, akaupokea mkononi mwangu muhuri wa kukataa, akaugonga mara moja kwa nyundo. Shaba ni laini; alama iliingia vizuri.

"Kilo hii nimeiharibu mimi," akaiambia foleni, "kwa kuisafisha."

Muuza nyama akakohoa. "Mzee, na sisi tuliopigwa tupa?"

"Mtatobolewa tundu chini na kujaziwa risasi ya betri za gari mpaka mtimie."

"Kwa hiyo mimi si malaika tena?"

"Ulikuwa. Mpaka jana saa sita mchana."

"Nilijua tu haitadumu," akasema mama muuza maharage.

Soko lilifunguliwa Jumamosi saa nne badala ya saa mbili, kwa kuwa fundi alichelewa na jiwe la sita. Jiwe la muuza misumari lilibaki ofisini kama kipimo cha muda, na mwenyewe analalamika mpaka leo. Nishani haikutolewa. Mjomba alikuwa ameandika barua ya kuikataa, mistari miwili, na mmoja kati yake ulikuwa hesabu. Sehemu ya hotuba iliyomhusu ikaondolewa, na wasikilizaji walishukuru kwa ufupi wake.

Mimi niliandika barua yangu, nikiomba arudishwe kazini, kwa hoja kwamba nchi nzima nimemwona mtu mmoja tu aliyekataa kipimo chake mwenyewe. Walikubali, ila hawakuleta kiti. Amekuja na chake kutoka nyumbani. Anakaa upande wa pili wa meza yangu na kuyapitia upya mawe niliyoyagonga chapa. Wiki ya kwanza alinirudishia mawili.

Nimeyapima tena. Yalikuwa na makosa.