Tani Tatu na Ushei

Fundi wa kuchomelea hakuwahi kuhesabu chuma kwa kilo maishani mwake. Kwake chuma kilikuwa futi: futi sita za mlango, futi nne za dirisha, futi kumi na mbili za geti la tajiri asiyewaamini majirani zake. Ukimuuliza geti lina uzito gani, alikujibu, "Linabebwa na wanaume wawili," na mazungumzo yakaishia hapo. Ndiyo maana Jumatano ile asubuhi, alipopandisha gari lake kwenye mizani ya malori pale penye ghala la mahindi, hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Gari lenyewe mtaa mzima waliliita Dume. Lilikuwa kubwa, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kadi yake ilisema kilo elfu mbili mia tatu na hamsini. Kadi haikusema uongo, ila ilisema ukweli wa siku gari lilipotoka kiwandani, kabla halijaangukia mikononi mwa mtu mwenye mashine ya kuchomelea na mapenzi mengi. Liligongwa nyuma mara moja, akalivalisha bampa za chuma cha reli, mbele na nyuma. Lilipinduka kidogo mtaroni, akalijengea mabomba mazito ndani kama kitanda cha hospitali. Siku moja mkewe alisema, tena kwa mzaha, kwamba miguu yake inaisikia barabara. Neno moja tu, na sakafu nzima ikavikwa bati nene! Mwanamume mwingine angenunua zulia.

Sasa mke huyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mizani, miguu imevimba hadi viatu vimegoma kuingia. Figo zake zilikwisha kufa. Mara mbili kwa wiki alipelekwa hospitali ya ng'ambo ya mto kusafishwa damu kwa mashine, na Jumatatu hakwenda kwa sababu daraja kubwa lilichukuliwa na maji usiku wa kuamkia siku hiyo. Lilibaki lile dogo la chuma, la muda, lenye kibao cha tani tatu, na mlinzi wake hakukubali gari lolote kubwa bila karatasi ya mizani. Watu wangevuka kwa miguu, mgonjwa angebebwa, gari lingefuata tupu. Baada ya hapo kulikuwa na maili kumi za tope ambazo gari la wagonjwa, lililokaa chini kama kobe, halikuthubutu kuzipita. Dume peke yake ndilo lingepita. Muuguzi alikwisha kuwaambia kwenye simu: Alhamisi isipite kabla mgonjwa hajasafishwa damu.

Karani wa mizani, binti mwenye kalamu nyweleni, alichungulia dirishani.

"Shikamoo baba. Elfu tatu mia tano na ishirini."

Fundi alicheka. "Hiyo mizani yako imezoea mahindi, mwanangu. Isome tena."

Akaisoma tena. Ilikuwa ileile.

Basi wakaanza kulivua Dume nguo. Keria ikashuka. Magurudumu ya akiba mawili, sanduku la vifaa, viti vya nyuma, tangi la pili la mafuta. Fundi alifungua nati moja moja, na kila alipopandisha gari upya alimtazama karani usoni kabla ya kutazama namba. Mizani ile ilisoma kwa kilo ishirini ishirini, wala haikujua huruma. Saa sita mchana ikasimama kwenye elfu tatu mia moja na ishirini, na nati za kufungua zikawa zimekwisha.

Kilichobaki kilikuwa kimechomewa. Mafundi wengine hushika chuma kwa moto hapa na pale tu, wakiacha mapengo. Yeye kwenye gari lake alipitisha moto mwanzo hadi mwisho, akajisifu kwamba hata kiyama kitalikuta hivyo hivyo.

Karani alitoka nje, kitabu cha karatasi mkononi.

"Baba, na mimi nina mama," alisema kwa sauti ya chini. "Naandika elfu mbili mia tisa na themanini. Yule mlinzi anasoma karatasi tu."

"Andika, mwanangu," mke akasema. "Mungu akuzidishie."

"Usiandike," fundi akasema.

Wanawake wote wawili wakamgeukia.

"Lile daraja dogo nimelichomelea mimi," alisema, macho yake chini.

"Si ndiyo vizuri, baba watoto? Nani asiyeijua kazi yako?"

"Walinipa vijiti vya kuchomelea nusu ya vilivyohitajika. Nikashika hapa na pale. Hizo tani tatu zenyewe wameliandikia kwa ukarimu. Na sasa viungo viko chini ya maji, hata kuvifikia siwezi."

"Na ukanyamaza?"

"Niliwaambia. Wakasema ni la muda tu."

Mke alipozungumza hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza fundi kuliko tusi.

"Kwa hiyo gari umelishibisha chuma, daraja ukalilaza na njaa."

Alitamani apigwe na mtu. Akavuta waya wa umeme kutoka ghalani, akachukua mashine ya kukatia, akalala chali chini ya Dume, akaanza na sakafu. Cheche ziliruka. Dakika ishirini baadaye alikuwa amekata urefu wa kiganja.

"Itachukua muda gani?" mke aliuliza kutoka kitini.

"Siku mbili," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwahi kumdanganya, "Mbili na nusu."

Mke alibonyeza mguu wake kwa kidole, akatazama shimo likibaki pale bila kujaa. Asubuhi ile mizani ya nyumbani ilimwonyesha kilo moja na nusu zaidi ya jana, maji matupu yasiyo na pa kutokea.

"Basi fanya haraka, baba watoto," alisema. "Maana hilo linapungua polepole, na mimi naongezeka."

Fundi akawasha mashine tena.