Shati la Bei Ile

Mwaka jana kwaya yetu ya wanaume ilipanda jukwaani na weupe wa kila namna. Huyu alivaa weupe wa maziwa, yule wa chaki, mwingine wa soksi iliyosahauliwa kwenye beseni. Tuliimba vizuri, lakini watu walianza kwa kututazama kabla ya kutusikiliza, na waliyoyaona yakaharibu waliyoyasikia. Kwa hiyo mwaka huu mwalimu wa kwaya akaamua kwamba sote arobaini tutavaa shati la aina moja: jeupe, la mikono mirefu, lenye vifungo mbele na kola ya kufungia tai. Kamati ya kulichagua ilikuwa ya watu watatu, yaani yeye, mweka hazina, na mimi niliye mwenyekiti.

Msimamo wangu ulijulikana tangu mwanzo. Maisha yangu yote ya kazi nimesoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na sikuwahi kugonga mlango wa mtu nikiwa na shati lisilopigwa pasi. Elimu nimeipata jioni baada ya kazi, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na darasani pia niliingia na kola iliyosimama. Mashati hayo yote yalishonwa hapa hapa nchini. Sikuona sababu ya watu arobaini wanaoimba kwa lugha yao kubeba mgongoni kazi ya wageni, wakati mafundi wetu wanakaa wakipiga miayo.

Na fundi nilikuwa naye. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ana karakana ya mashati kwenye chumba kilicho juu ya duka la rangi. Kuna vyereheni vinne karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia katikati, na pembeni kigoda cha mama mmoja wa makamo ambaye kazi yake ni vifungo tu, kwa sindano na mkono. Tangu maduka ya barabara kuu yajae mashati ya kutoka nje, wateja wa mpwa wangu walipungua mpaka akaniambia waziwazi kwamba asipopata kazi kubwa kabla ya mwezi kwisha, yule mama wa vifungo itabidi amruhusu aende nyumbani. Walianza pamoja, wao wawili na chereheni moja. Mashati arobaini, akasema, yangewavusha.

Nikamwambia ahesabu yamekuja. Nilisema hivyo kama mtu mwenye ufunguo mfukoni.

Kikwazo kilikuwa mweka hazina. Huyu ni muuzaji wa vipuri vya baiskeli, mtu mwema, ila kwake kila kitu kina bei na hakina kingine. Alikuja kwenye kikao na shati moja la kutoka nje, likiwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, limebanwa kwa pini na kuwekewa kadi chini ya kola. Akaliweka mezani, akataja bei yake, akasema fundi wangu akizidisha hata kidogo wanachama hawatachanga. Nilibishana naye mpaka mwalimu akaanza kufunga madirisha ya ukumbi. Mwishowe tukaafikiana: mpwa wangu atashona shati moja la mfano kwa bei ile ile, kisha tutayalinganisha.

Nikaipeleka bei karakanani. Mpwa wangu aliisikia huku akikata kitambaa, mkasi haukusimama. Aliniuliza kama ninakumbuka kazi inayoingia ndani ya shati moja. Nikamjibu kwamba nilivaa mashati mazuri kabla yeye hajaota meno.

"Sawa, Mjomba," akasema. "Sasa unataka shati au unataka bei?"

Nikamwambia nataka vyote viwili, na kwamba fundi hodari hashindwi. Akasema litakuwa tayari. Nilishuka ngazi nikijiona mtu niliyejua kuongea na pande zote mbili.

Siku ya kuyalinganisha, mke wa mwalimu aliyafua yote mawili, akayapiga pasi na kuzitoa lebo. Lile la mpwa wangu alilitia mshono mdogo wa uzi mwekundu ndani ya upindo wa chini, ili mwalimu peke yake ajue. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, lakini hakuna aliyeondoka. Walijazana kuzunguka meza, waimbaji wa sauti za juu mbele na sisi wa besi nyuma, kama tunavyopanga jukwaani.

"Mzee," akasema mweka hazina, "si husema unaitambua kazi ya nyumbani hata gizani? Leo hatukuonei. Taa zote zinawaka."

Wakacheka, nami nikacheka. Nikanawa mikono, nikaifuta, nikaanza.

Nilianza na kola. Ya shati la kwanza ilikuwa ngumu kama karatasi, na baada ya kufuliwa mara moja tu ilikuwa imetoa malengelenge, kwa sababu kitambaa cha ndani kilibandikwa kwa gundi badala ya kushonewa. Kola ya shati la pili ilitulia shingoni kama mkono wa rafiki. Nikayageuza ndani nje. Ubavuni mwa la kwanza kingo zilizungushwa uzi haraka haraka na kuachwa wazi. Za la pili zilikunjwa na kufichwa ndani ya mshono, usiweze kuona nyuzi zilipoishia. Kifungo cha la kwanza kilicheza kama jino la mtoto. Cha la pili kilisimama juu ya kishina kidogo cha uzi uliozungushwa, kama alivyokuwa akifanya yule mama wa kwenye kigoda tangu nimfahamu.

Nikaliinua lile la pili juu, wote walione. Nikawaambia kwamba hapa pana mkono wa mtu anayeijali kazi yake, na kwamba aliyeshona lile jingine alikuwa akiliwahi basi. Waliangua kicheko. Nikamalizia kwa kuwakumbusha kwamba mcheza kwao hutunzwa, na kwamba mwaka huu tutatunzwa sisi.

Mwalimu alilichukua shati la kwanza, lile la malengelenge, akageuza upindo wake wa chini. Uzi mwekundu ulikuwa pale.

Mtu mmoja akakohoa. Mweka hazina hakucheka, na laiti angecheka.

"Basi kamati imeafikiana," akasema taratibu. "Na hoja zote ni za Mwenyekiti." Halafu, akilikunja shati la kutoka nje kwa adabu, akaongeza kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Asubuhi yake nilipanda ngazi za karakana na shati la mpwa wangu limefungwa kwenye gazeti. Nililitandaza juu ya meza, mbele ya mafundi wote, nikasema kila kitu: jinsi nilivyomtetea, jinsi nilivyosimama mbele ya watu nikalitukana shati lake bila kujua, jinsi dada yangu asingetegemea hili. Mafundi walizima vyereheni. Mama wa vifungo aliinamia sindano yake. Mpwa wangu aliniacha nimalize. Tena aliniacha mpaka nikakosa la kuongeza.

"Uliniletea bei," akasema, "nami nikaishonea bei. Kukunja ubavu kunachukua muda mrefu kuliko mikono yote miwili. Bei yako haikuwa na ubavu, haikuwa na kola, na haikuwa na huyu mama. Vifungo nilivipiga kwa chereheni. Wale wanashona maelfu kwa siku, Mjomba. Mimi nina vyereheni vinne."

"Ungeniambia."

"Nilikuuliza."

Nikasema nitarudi kwenye kamati leo leo, niwaeleze, walione shati lake la kweli kwa bei yake ya kweli. Akaniambia nisijisumbue; kwamba kama angeshona arobaini ya namna ile, watu arobaini wangezunguka mjini wakimtangaza vibaya, na afadhali mambo yalivyokwenda. Sikumsikiliza. Nilikwenda kwa mweka hazina dukani, tukasimama kati ya minyororo na matairi, nikamweleza jambo zima tangu mwanzo. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema ananielewa, ila wanachama walishachanga jana ile ile, moto wa kicheko ukiwa bado haujapoa, na mashati yalishaagizwa. Kisha akauliza kama namba yangu ya shingo ni ile ile.

Mwalimu naye alisema vivyo hivyo kwa maneno ya kisomi zaidi. Hukumu ilitolewa hadharani, na hakimu nilikuwa mimi.

Mwezi ulipokwisha nilipanda tena zile ngazi. Kigoda kilikuwa tupu, juu yake pamewekwa kopo la vifungo. Sikuuliza. Nikamwambia mpwa wangu nimekuja kushonesha shati langu mwenyewe, jeupe, la mikono mirefu, na alishone anavyojua yeye.

Alichukua utepe shingoni mwake, akanipima. Alipofika katikati akasema kifua changu kimehama makazi, siku hizi kinaishi tumboni. Mafundi wakacheka, nami nikashukuru kwamba bado ananitania. Kisha akataja bei.

Ulimi wangu uliinuka wenyewe. Ndivyo ulivyozoea, umepunguza bei za nyanya, za viatu, za madaftari ya shule, hauombi ruhusa. Mpwa wangu alikuwa amesimama na utepe mkononi akisubiri, maana ananijua. Nikaurudisha ulimi mahali pake. Nikasema sawa, nikaomba tu liwe tayari kabla ya tamasha, nipande nalo jukwaani, weupe ni weupe.

Akatikisa kichwa. Vifungo sasa anashona mwenyewe, akasema, jioni, akishamaliza mengine yote, na mbele yangu kuna wenye haraka. "Litakuwa baada ya tamasha, Mjomba. Au nikulipulie?"

Nikamwambia nitasubiri.

Siku ya tamasha nilimkuta mke wangu sebuleni akilipiga pasi lile la kutoka nje. Alikuwa akipitisha kidole kwenye mshono wake wa ubavuni, kama afanyavyo kwa kitu kilichompendeza.

"Lakini hili ni shati zuri," akasema. "Nani aliwachagulia?"

Nikalivaa, nikafunga vifungo vyote mpaka cha juu, nikamwambia ni kamati.