Binti Aliyemlisha Mfalme Uji

Kuna makosa mtu huyafanya kwa hasira, na hayo angalau huwa na pa kusingizia. Joyness alifanya lake kwa kutaka sifa, tena akiwa amekaa kwenye kochi lake Buhembe na madaftari ya Kidato cha Pili yanamsubiri mezani. Sifa alizipata. Raha hajaiona tena.

Alikuwa mwalimu wa historia, miaka thelathini na minne, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao walimu wenzake hawakuujua: gemu. Si gemu zote, ni hiyo moja iitwayo Taji, ambayo sehemu nne zimeshatoka na ya tano inasubiriwa huu mwaka wa tatu. Ndani yake yumo mfalme mzee, Orsi, anayeumwa tangu sehemu ya pili. Yumo mwanawe mkubwa, Teren, aliyeujenga ukuta wa mji kwa mikono yake na kuulinda miaka yote. Na yumo binti, Milai, ambaye wachezaji wengi hata jina lake hawalikumbuki, kwa kuwa kazi yake ni kuingia na bakuli la uji na kutoka. Mashabiki wa Bukoba na Muleba wana grupu lao la WhatsApp, watu mia mbili na ushee, na kutwa hubishana taji litakwenda kwa nani. Kusema kweli ubishi ulikuwa mdogo. Wote walisema Teren.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya kosa lenyewe, baba yake mdogo, mzee Lwakatare wa Kamachumu, alikuwa amemwita amwandikie wosia. Alimchagua kwa mambo mawili: hati nzuri na mdomo mzito. Hilo la hati lilikuwa kweli.

"Kibanja hakigawanywi, baba zangu wamelala humo," mzee alimwambia. "Andika Kokushubila."

Joyness aliinua kalamu. Mtoto mkubwa alikuwa Damian, na kijiji kizima kilijua kwamba kibanja, shamba lile la migomba la ukoo, ni cha Damian. Mnyauko ulipoingia kwenye migomba, ni yeye aliyeng'oa shina kwa shina, akafukia, akapanda upya kuanzia mlangoni hadi kwenye mibuni ya mwisho. Koku ni binti, na ardhi ya ukoo kupewa binti si jambo la kila siku huko. Alirudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, na tangu miguu ya baba yake ilipokufa ganzi, yeye ndiye anayemwogesha na kumlisha.

"Damian anaipenda migomba," mzee alisema. "Koku ananipenda mimi. Tena Damian ana mikono, popote ataishi. Koku akifukuzwa hapa hana pa kwenda."

Mzee wa kanisa, Rutaihwa, alitia sahihi kama shahidi. Karatasi ikafungiwa sandukuni, isubiri siku ya kumaliza matanga. "Mpaka siku hiyo," mzee akamwambia Joyness, "umeandika, umesahau."

Angesahau, kama si trela. Watengenezaji wa Taji walitoa kipande cha dakika moja: mfalme kitandani, mkono wake ukitoa pete, na anayepewa haonekani uso. Grupu likawaka moto. Muksini, fundi simu wa pale mjini, akamchokoza Joyness kwamba makisio ya mwalimu siku zote ni ya darasa la nne. Kila mtu akacheka, na Joyness hakupenda.

Basi akaandika. Akaandika kwamba taji litakwenda kwa Milai. Akaeleza kwa nini: Teren ni shujaa, popote ataishi, lakini binti akitolewa ndani ya ngome hana pa kwenda, na mfalme analijua hilo. Akamalizia kwa maneno aliyosema ni ya mfalme: *Mwanangu anaupenda ukuta. Binti yangu ananipenda mimi.*

Alipobonyeza kutuma hakuwaza Kamachumu hata kidogo. Aliwaza Muksini.

Watu walipagawa. Makisio yake yakapelekwa kwenye magrupu ya Mwanza na Dar es Salaam, na Muksini mwenyewe akaandika, "Mwalimu, nimekubali." Siku mbili Joyness alitembea kama bibi harusi. Siku ya tatu akasikiliza ujumbe wa sauti wa Damian, kwa kuwa Damian naye alikuwemo grupuni. Ndiye aliyemfundisha kushika padi, zamani, kwenye banda la gemu la Kamachumu. Hakuwa mtu wa kuandika. Aliongea tu huku akifanya kazi, na panga lake likasikika likikata majani makavu ya migomba. Joyness aliusikiliza ujumbe ule mara moja, akaizima simu, na hapo ndipo alipoikumbuka karatasi iliyo sandukuni.

Ijumaa mzee akapiga. "Njoo kesho. Njoo na kalamu."

Alimkuta kitandani, ndevu zimenyolewa vizuri. Joyness akapiga magoti kumwamkia. Mzee aliitikia.

"Damian amenisimulia gemu yenu," alisema. "Jumatano, akininyoa. Mfalme mzee, mtoto mkubwa, na binti wa uji. Amecheka, amesema Joyness ana akili. Maneno ya huyo mfalme nayajua, mwanangu. Niliyasema mimi, hapa hapa."

"Waitu, tata, baba yangu, nisamehe. Sikutaja jina la mtu."

"Damian hajui?"

"Hajui. Anadhani ni gemu tu."

"Najua kwamba hajui. Angejua, wembe ungetetemeka." Mzee akajifuta mdomo. "Nilimuuliza, huyo mkubwa atafanya nini akinyimwa? Akasema amekwisha kuwajibu grupuni. Alisema nini?"

Hapo Joyness angeweza kusema hakumbuki. Angeweza kusema simu haina chaji. Lakini dhamiri ilikuwa inamsuta siku nne mfululizo, akaona heri atoe yote, abaki mweupe. Alidhani anatubu. Akatoa simu, akaiweka juu ya blanketi, akabonyeza.

Panga likasikika kwanza, halafu sauti ya Damian, imejaa kicheko. "Mimi ningekuwa Teren nisingepigana. Nipigane na nani, dada yangu? Ningeacha funguo mlangoni, nikaenda zangu. Lakini huyo mzee asinitafute tena. Hata kuzika nisingekuja."

Mzee aliomba aisikie tena. Joyness akabonyeza tena. Maneno ya mwisho yalipopita, mzee alifumba macho.

"Chukua karatasi," alisema. "Kibanja na nyumba, Damian. Kokushubila akae kwa hisani ya kaka yake."

"Tata, umesema mwenyewe hana pa kwenda."

"Nilisema. Nilikuwa sijui mwanangu mkubwa ataniacha nizikwe na majirani. Ungenyamaza, ningekufa sijui, na Koku angepata haki yake. Umeniambia, na mimi si jasiri kama mfalme wako. Andika, Joyness. Kesho nitamwita Rutaihwa atie sahihi."

Aliandika. Hati yake ilikuwa nzuri kama siku zote, na alijichukia kwa hilo. Alipofika kwenye neno hisani alisimama, akamtazama mzee, lakini mzee alikuwa ameugeukia ukuta.

Mlango ukasukumwa, akaingia Kokushubila na bakuli la uji, kanga kiunoni, mikono ina unga. Alifurahi kumwona mgeni. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwinua baba yake taratibu, akamwekea mto mgongoni, akaanza kuupoza uji kwa kijiko. Joyness aliikunja karatasi kabla wino haujakauka.

"Joy, mdogo wangu," Koku alisema, "Damian amenisimulia gemu yenu. Mimi hayo mambo siyajui. Lakini huyo binti anayemlisha baba yake uji, nimempenda. Ni kweli watampa taji?"

Mzee alifungua mdomo kupokea kijiko, na macho yake hayakumtazama yeyote.

"Ni makisio tu, dada," Joyness alisema.

"Haya." Koku akamfuta baba yake kidevu. "Hata wasipompa. Angalau kuna mtu amemfikiria."